"Cha kidato cha ngapi?" Nilivyojibiwa maktaba nilipoomba kitabu kipya

Naandika hii bado nina hasira, mnisamehe kwa maneno. Maktaba siitaji jina, niseme tu ipo hapa Mbeya mjini.

Ilikuwa Jumamosi moja ya ile baridi yetu ya Juni, nikamchukua binti yangu tukapanda daladala toka Uyole. Yuko la tatu. Wiki nzima ananiuliza mama tunaenda lini, maana nilimwambia kule kuna watu kazi yao ni kukutafutia kitabu, wewe unawaambia unapenda nini, wao wanajua kipo wapi. Mimi ndo nilimwahidi hivyo, na hapo ndo pananiuma mpaka leo.

Tumefika, kaka mmoja yuko kaunta na simu. Mtoto kampa shikamoo, kaitikia kama anaguna. Nikamwambia samahani kaka, naomba unishauri vitabu viwili tu, kimoja changu kimoja cha huyu, vile vilivyotoka miaka hii ya karibuni. Cha kwangu nilikuwa hadi na mfano, nikamuuliza kama wana Peponi, ile riwaya ya Gurnah iliyotafsiriwa. Macho kwenye simu, akasema, "Cha kidato cha ngapi?"

Nikajua hajanisikia. Nikarudia taratibu, nataka kusoma mwenyewe, sio cha shule. "Dada, nakuuliza ni cha kidato gani, vitabu hapa vimepangwa kwa vidato."

Jamani! Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kapewa Nobel ya fasihi 2021 dunia nzima ikasikia. Hicho kitabu kwa Kiingereza kipo toka 1994, sisi wenye lugha yetu tukakipata 2022 baada ya Ida Hadjivayanis kukitafsiri, miaka 28 tumesubiri, halafu nakuja kukiomba naulizwa kidato. Simlaumu kwa kutokisoma, hakuna mtu anasoma vyote. Angesema tu "sikijui dada, kinahusu nini?" ningemweleza kwa moyo wote habari za Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, tungeongea, kama hakipo angenipa kingine cha safari za zamani nikaondoka nimefurahi. Kumshauri mtu kitabu ni kumsikiliza kwanza, basi.

Haikuishia hapo. Akamgeukia mtoto: "Na wewe achana na hadithi, mwakani una mtihani wa taifa, chukua hisabati." Binti yangu akaingiza mikono ndani ya sweta akaniangalia. Hakulia, angelia ningeelewa, alininyamazia tu kama anasema mama si ulisema...

Na nyuma ya kaunta, chini, kuna boksi mbili zimefunguliwa, vitabu vya watoto, Kiswahili, picha za rangi, vipya kabisa hata kona hazijakunjika, na juu ya boksi moja wameweka chupa ya chai. Nikauliza na hivyo je? "Hivyo bado havijaingizwa." Toka lini? "Vililetwa kabla ya Pasaka." Naelewa kitabu kipya lazima kigongwe muhuri, kipewe namba, kiandikwe ndo kikae shelfu, sipingi utaratibu. Lakini Pasaka mpaka Juni? Tunaimba kila siku watoto hawasomi, tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu imeanza kutolewa 2023, watu wanaandika, vitabu vinatoka, halafu vinafika huku Nyanda za Juu vinageuka meza ya chai. Nikamshika mtoto mkono tuondoke na nikaapa sirudi.

Sasa tuko mlangoni, akatufuata binti mmoja, nadhani mwanafunzi wa field, kitambulisho shingoni. Hakuniongelesha mimi. Alichuchumaa akamuuliza mtoto, "Kitabu gani cha mwisho ulikipenda mpaka ukakataa kulala?" Yaani swali moja tu. Mtoto akafunguka, kuna fisi, kuna bibi, kuna mto, hata mimi nilikuwa sijui. Yule dada akatupeleka shelfu ya mwisho dirishani, akatoa vitatu, akamwambia fungua ukurasa wowote usome kwa sauti, kila neno likikukwama kunja kidole, vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa hicho bado kigumu, kirudishe tutakikuta ukikua. Cha kwanza vidole vikaisha mapema. Cha pili alikunja viwili akasahau kuhesabu, akawa anasoma tu, tumesimama pale mpaka miguu ikaingia ganzi.

Kwa hiyo nawaambia nini sasa? Nilianza kuandika nikitaka kusema msiende, mtaaibika na watoto wenu. Lakini kitabu alikimaliza siku mbili na mdogo wake wa chekechea kasomewa chote! Nendeni basi, ila ukimkuta yule wa simu pita moja kwa moja shelfu ya dirishani, usimuulize kitu. Hapana, hata hilo silipendi, kwa nini mtu apite kimya kwenye maktaba aliyokuja kuomba msaada?

Tuliporudisha kitabu yule dada hayupo, wamesema field yake imeisha. Mtoto kamtafuta kila kona. Boksi zipo palepale.

Na Peponi bado sijakipata. Mwenye nacho hapa Mbeya, toka Uyole mpaka Mbalizi, aniazime wiki mbili tu, nitakirudisha kimewekewa na kava.