Papa Meilland au Mister Lincoln kwa kabustani kadogo?
Haya mawaridi ni ndugu kabisa, yote yamezaliwa na mawaridi mengine mawili, Chrysler Imperial na Charles Mallerin, Papa Meilland likatokea Ufaransa 1963 na Mister Lincoln Marekani 1964. Yote yananukia sana ila mi moyo wangu uko kwa Papa, jekundu limekolea mpaka petali zinakuwa kama mahameli nyeusi, we liinamie asubuhi jua likianza kupasha utaskia harufu mpaka kooni. Shida linaugua jamani, ukungu mweupe na madoa meusi kwenye majani, na kama sehemu yako imebanwa na ukuta hewa haipiti utahangaika nalo. Lincoln lina nguvu zaidi, linapanda juu karibu mita 2 bila kutanuka sana, kwa hiyo lipande nyuma, jua masaa 6, maji mwagia shinani sio kwenye majani. Kama ni moja tu, chukua Lincoln.