Sanduku la kioo la "mijusi wa jangwani": uzoefu wangu na sakankuri wawili

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonitoa jasho. Sanduku lenye sakafu ya sm 90 kwa 45, ukilitia mchanga wa kina cha sm 15, linakula lita 60 hivi. Lita moja ya mchanga mkavu ni kilo moja na nusu, au zaidi kidogo. Basi ni kilo 90 na ushei. Mke wangu aliniuliza kama nafuga mijusi au namwaga msingi wa nyumba.

Kumbe kwa sanduku nililonunua, hesabu hiyo nilijisumbua bure.

Naishi Leicester, Uingereza. Wanyama wenyewe ni sakankuri, Scincus scincus, mijusi wa mchanga wa Sahara na Bara Arabu. Pamoja na mkia ni kama sm 20, pua imechongoka kama kabari, ngozi inang'aa utadhani imepakwa mafuta. Sisi tuliokulia Tanga tunamjua mjusi kafiri wa ukutani na guruguru wa shimoni, ila huyu ni kiumbe kingine. Hachimbi shimo likabaki. Anazama mchangani na mchanga unajifunika nyuma yake. Mwaka 2009 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walimpiga eksirei akiwa chini, wakaona anaibana miguu ubavuni na kujipinda mwili. Anaogelea hasa.

Seti nzima ilinigharimu pauni 260: sanduku la kioo lenye milango miwili ya mbele ya kusukuma kando, taa ya joto, mkeka wa joto na mfuko wa mchanga mwekundu wa kalsiamu. Kwa ufundi sina neno. Kioo ni kinene, silikoni imepigwa vizuri, hewa inapita.

Tabu ilikuwa kizingiti. Chini ya ile milango kuna sm 7 tu za kioo, ukizidisha mchanga unamwagika sebuleni. Hata hizo saba sikuzifaidi, kwa sababu chembe ziliingia kwenye reli na mlango ukawa unasaga kama meno ya mtu anayeota vibaya. Sakankuri wakizama, migongo inabaki nje. Mmoja alishinda akisugua pua kwenye kioo, na kwa wiki tatu walikula kwa kudonoa tu.

Mkeka wa joto ndio ulionikera zaidi. Mjusi huyu jua likimzidi hukimbilia chini, kwa kuwa chini ndiko kwenye ubaridi. Ukiweka moto chini umemgeuzia dunia: anatoroka joto, anakutana nalo, na mchanga mzito juu ya mkeka unalizuia lisitoke. Anaweza kuungua tumbo. Kwao sikuuchomeka hata siku moja. Siku hizi naweka juu yake bakuli la unga wa maandazi wakati wa baridi, na unaumuka vizuri ajabu. Ule mchanga wa kalsiamu nao sikuufungua. Mjusi akiumeza pamoja na chakula unaweza kuganda tumboni.

Mwishowe nikanunua tangi kuukuu la samaki, la vipimo vilevile, kwa pauni 40. Linafunguliwa juu, kwa hiyo hakuna mlango wa kukwama. Mchanga ni ule wa kuchezea watoto, mifuko sita ya kilo 15. Jihadharini, unauzwa umelowa. Niliukausha kwa mafungu kwenye trei za oveni, jikoni kwa watu, Novemba nzima. Mawe niliyaweka kwanza, yakae juu ya kioo chenyewe, ndipo nikamwaga mchanga. Jiwe likikaa juu ya mchanga, mjusi atapita chini yake na litamwangukia.

Taa ya joto iko juu ya jiwe bapa upande mmoja, na themostati yake, yaani kidhibiti joto. Hapo kipimajoto kinasoma nyuzi 42, upande wa pili 26, na usiku nazima kila kitu. Taa ya UVB, yaani ya miale ya urujuanimno kama ya jua, nimeifunga ndani, chini ya kifuniko cha wavu: kioo cha kawaida huizuia miale hiyo, na wavu huipunguza. Kona ya ubaridi nimesimamisha bomba la plastiki hadi chini. Kila wiki namimina kikombe cha maji, tabaka la chini linapata unyevu huku juu kukiwa kukavu.

Siku ya nne walikula nyenje hadi nikaishiwa.

Sanduku nalipatia nyota mbili. Nimempa binti wa jirani anayefuga geko wa madoa, naye halalamiki. Geko hahitaji kuzama. Kosa langu ni kuamini picha ya boksi badala ya kupima kizingiti kwa rula.

Mke wangu bado husema tunalipia umeme ili tutazame mchanga. Ila jana, saa nne asubuhi, yeye ndiye aliyeniita kutoka sebuleni: "Baba Zuhura, njoo upesi, katoa kichwa!"