TAHADHARI: "Mkopo wa kufungua tawi la kuku" unaozunguka Mwanza, ni kausha damu (mkopo wa riba ya kuumiza) na vifaa vibovu juu

Wanamwanza, na nyie wa Magu na Sengerema, naomba msome hii mpaka chini alafu mtume kwenye magrupu ya vikoba, maana hawa jamaa wanawafuata sana akina mama wenye vibanda vya chakula.

Mpango wao uko hivi. Anakuja kijana kavaa vizuri ana vipeperushi vya rangi, anasema kampuni yao ina jina la kuku wa kukaanga na wanatafuta watu wa kufungua matawi, wewe tafuta fremu tu, jina, viungo, friza, jiko la kukaangia na mafunzo vyote wanaleta wao. Ukimwambia sina mtaji anakwambia mtaji sio tatizo mama, kuna taasisi ya mikopo tunafanya nayo kazi, ndani ya wiki mambo yako tayari. Hapo ndo pa kushtuka. Anayekuuzia jina na anayekukopesha ni walewale, kwahiyo hakuna hata mmoja kati yao anayejali biashara yako itasimama au itakufa, wao faida yao wameshaipata siku unasaini.

Dada yangu anauza chipsi Igoma, wamempitia. Mkopo milioni 6, riba "asilimia 10 tu". Hakuna aliyemfafanulia kwamba ni 10 kwa mwezi, tena inapigwa kwenye milioni 6 yote hata kama umesharejesha nusu. Piga hesabu: laki 6 kila mwezi ni riba peke yake, mwaka mzima milioni 7 na laki 2, yani riba imeupita mkopo wenyewe! Na hiyo milioni 6 hakuishika hata shilingi, ilienda moja kwa moja kwa "kampuni ya kuku", na kabla ya hapo wakamtoa laki 6 zake mfukoni eti fomu na bima ya mkopo.

Kilicholetwa sasa. Friza lina alama za gundi pale walipobandua stika ya duka la mtu mwingine, mpira wa mlango umechanika, ukiwasha linanguruma usiku kucha na barafu halitengenezi. Jiko la kukaangia moto upande mmoja hauwaki. Viungo vya siri ni unga wa ngano na pilipili manga kwenye mfuko usio na jina. Tumezunguka madukani mjini kuulizia vifaa vipya vya aina hiyohiyo, vyote kwa pamoja havifiki milioni 3. Mtu mzima anaamka alfajiri anamenya viazi mpaka vidole vinauma alafu hela yote inaenda kwenye marejesho ya friza bovu, inaniuma sana jamani.

Kingine, siku ya kulipa zile laki 6 alipewa lipa namba, akaingiza kiasi, jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri likawa la duka la vipodozi. Kuuliza akajibiwa hiyo ni ya mhasibu wetu. Ukiona jina tofauti na lililoko kwenye mkataba ghairi muamala hapohapo, usisikilize maelezo yoyote.

Walitaka na hati ya nyumba. Shemeji akagoma kusaini na ndo pona yao, maana nyumba ya familia kisheria haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, kwahiyo wakishindwa kwa mume wanakuomba "sahihi ya haraka tu" kivyako. Usitoe. Na kadi ya benki na namba ya siri wanaomba pia, hiyo ndo kabisa usithubutu.

Kabla hujasaini popote: mkopeshaji anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu (BoT), hiyo ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya BoT, na tawi la BoT lipo hapa hapa Mwanza unaweza kwenda kuuliza. Usiridhike na fotokopi ya ukutani. Anayekuuzia jina naye akuonyeshe kama kampuni na alama ya biashara vimesajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), alafu mwambie akupeleke kwenye tawi linalofanya kazi, uongee na mwenye tawi wewe na yeye tu, kijana asubiri nje. Hawa wetu walikuwa na picha za kwenye simu tu. Kufungua tawi kwa jina la mtu sio jambo baya, wapo wanaofanya kihalali, ila wa kweli haogopi maswali wala hakwambii ofa inaisha kesho.

Akina mama na vijana wenye vikundi jaribuni kwanza ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, haina riba, mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Inachelewa kweli, lakini hamna atakayekuja kubeba friji lenu.

Kama umeshalipa usifute meseji za muamala hata moja, beba na mkataba wako nenda polisi ufungue jalada, na namba wanazopigia ziripoti TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa meseji kwenda 15040. Dada ameshafungua lake. Wanaonekana saivi wamehamia upande wa Buhongwa na Usagara, mwenye ndugu huko ampigie leo.