Kofia zatoka Lamu, barua zaenda Mombasa: mwaka wangu na huduma ya kupokelewa barua

Wiki iliyopita nimelipia mwaka wa pili, kwa hiyo mwenye haraka jibu lake ndilo hilo: huduma inanifaa. Ila sikulipia yote niliyoyalipia mwaka jana, na hapo ndipo penye maneno.

Nauza kofia za vito, zile za kiume za kudarizi kwa mkono (vito ni nakshi zake, si mawe). Nashona mwenyewe, na wako akina mama sita hapa mtaani Langoni, Lamu, wanaonishonea. Wateja wangu wengi hawako Lamu. Wako Mombasa, Nairobi, Muscat, na wachache Uingereza. Kwa miaka mitatu biashara ilikuwa ni simu yangu na mkoba wangu tu. Siku nilipotaka kusajili jina la biashara kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ndipo fomu iliponiuliza: jengo gani, barabara gani, kiwanja namba ngapi, sanduku la posta lipi.

Sasa niambie, mtu wa Langoni aandike barabara gani? Kwetu ukimwelekeza mgeni unamwambia apande kutoka pwani, apite msikiti, akate kushoto penye baraza ya kinyozi, kisha aulize. Mwenye punda anayeleta mchanga anaijua nyumba yangu hata usiku. Kompyuta ya Nairobi haiijui.

Nikaandika sanduku la ami yangu, Lamu 80500, kama tulivyozoea wote. Sanduku moja ukoo mzima. Tatizo la sanduku la ukoo ni ufunguo, na ufunguo wa ami umefungwa pamoja na funguo za mashine ya boti. Ami akienda kisiwani Kiwayu kuvua kamba huenda nao. Benki ikaniandikia nipeleke cheti cha usajili ndani ya siku 30. Barua ikalala sandukuni, ami akarudi, akaichukua, akaitia kwenye begi la nyavu, akaisahau tena. Niliipata siku ya arubaini na kitu, inanuka chambo. Akaunti ilikuwa imeshafungwa kwa muda. Benki nisiilaumu, waliandika kwa wakati. Nilipomlalamikia ami alinitazama kwa mshangao wa kweli: "Mwanangu, barua ya benki ina haraka gani?"

Mtu ataniuliza, si ungekodi sanduku lako mwenyewe? Ningeweza, na ukikaa Lamu mwaka mzima huo ndio ushauri wangu wa kwanza. Hata Posta wenyewe siku hizi wana mpango wa kuifanya namba ya simu kuwa anwani, ukaletewa ujumbe barua ikifika. Lakini mimi miezi miwili kabla ya Ramadhani na mwezi wenyewe siko nyumbani, nazunguka na mizigo ya kofia. Nilitaka mtu wa kuniangalizia.

Ndipo nikapata hawa wa Mombasa. Jina lao nitaliacha, kwa sababu nina malalamiko pia na sitaki ugomvi. Ofisi yao iko ghorofani, chumba kimoja kina dawati na ukuta mzima wa mashubaka ya mbao, kila shubaka na kibandiko chake. Waliniomba nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN cha KRA (watu wa kodi), cheti cha jina la biashara, na barua niliyoisaini kwamba nawaruhusu kupokea kwa niaba yangu. Nikapewa anwani yenye jengo, ghorofa na barabara, pamoja na sanduku la posta lenye msimbo 80100.

Binamu yangu aliyeko Marekani alicheka nilipomwambia ilinichukua nusu saa. Yeye kule ana huduma kama hii, na sheria ya posta yao inamtaka mteja ajaze fomu namba 1583, atoe vitambulisho viwili, na saini yake ishuhudiwe na mthibitishaji au na wakala mwenyewe. Mimi nilipewa karatasi mbili tu za ofisi. Wepesi ule ulinifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja, nikaona niulize: nani atakayefungua bahasha zangu, na picha za barua zitakaa wapi? Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na barua za benki na za KRA zina mambo ya mtu ndani. Msichana wa dawatini hakubabaika. Akanionyesha kwenye mkataba kwamba hakuna bahasha inayofunguliwa bila ruhusa yangu ya maandishi, na kila picha hufutwa nikishathibitisha nimeipata. Nikasaini. Shilingi 1,800 kwa mwezi, unalipa mwaka mzima kwa mpigo. Kwa muuza kofia hiyo si pesa ya kuchezea.

Namna yenyewe ni rahisi. Barua ikifika, msichana anaipiga picha mbele na nyuma, ananitumia kwa WhatsApp na maneno matatu: "Nifungue? Niweke? Nitume?" Mimi nachagua moja. Siku ya kwanza nilikuwa uwani natia kofia wanga, na mikono ikishaingia kwenye wanga haigusi kitu. Simu ikalia. Mwanangu wa miaka saba akanishikia, nikaona ni bahasha ya benki ile ile. Nikamwambia aandike "fungua". Akaandika "fugua". Kofia haijakaa sawa kwenye faroma, kile kigogo cha kuitia umbo, barua ikaja, kurasa mbili, safi, hata muhuri unasomeka. Walitaka nithibitishe namba ya PIN. Nilinawa mikono, nikatuma, jioni likawa limekwisha. Ningekuwa bado na sanduku la ami, bahasha ile ingekuwa njiani kwenda Kiwayu.

Kwa barua, basi, sina la kuongeza. Mwaka mzima zimefika barua 23, na 20 nilizisoma siku ile ile.

Zile tatu ndizo nilizozitaja kwa ukali wakati wa kulipa tena. Msichana yule aliondoka mwezi wa sita, akaja kijana mpya. Wiki tatu kimya. Mwanzo nilidhani hakuna barua, kisha mteja wa Nairobi akanipigia kuniuliza mbona simjibu. Nikapiga simu ofisini, kijana akatazama shubaka langu, akasema, "Hakuna kitu, dada." Nikamwambia atazame tena. Hakuna. Kumbe alikuwa akipanga barua kwa jina la mji. Barua zangu zote tatu zilikuwa kwenye shubaka la herufi L, L ya Lamu, kwa sababu juu ya bahasha watu waliandika jina la biashara na ndani yake mna neno Lamu. Aliomba radhi vizuri, siwezi kusema hakuomba, na nikarudishiwa pesa ya mwezi mmoja. Lakini nimejifunza kwamba hapa unamlipia mtu aliyekaa dawatini. Akibadilika yeye, nawe unaanza upya. Sasa kila Jumatatu nauliza mwenyewe, hata kama hawajanitumia kitu.

Tuje kwenye vifurushi, maana hapo ndipo nilipochomeka.

Mteja wa Uingereza alirudisha kofia. Alitaka ya inchi 23, nikampelekea 22, kosa langu. Akaituma kwa anwani ya Mombasa kama nilivyomwelekeza. Ilifika ofisini ikawekwa chini, juu yake wakaweka boksi la mteja mwingine, ukilipima kwa macho utasema lina vyuma. Ikakaa siku nne wakisubiri kupata vifurushi vya kutosha vya kupeleka ofisi ya basi kwa safari moja. Kutoka hapo ikapita Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, na Mokowe ndiko basi linakoishia. Baki ni maji. Ilikuwa kusi imechafuka, boti likarusha maji mpaka juu. Nilipokifungua kifurushi changu kofia ilikuwa bapa kama chapati na ina mstari wa chumvi pembeni. Kofia iliyomla mama mmoja miezi mitatu! Tuliifua, tukaitia wanga upya, tukaiweka kwenye faroma siku mbili. Ikasimama, alhamdulillahi, lakini jicho la mshonaji linauona ule mkunjo.

Na gharama: huduma walichukua 350 ya kukipokea na kukituma, basi 400, boti na hamali 150. Jumla 900, na bado kofia imelaliwa na vyuma. Wakati sisi watu wa Lamu tuna njia yetu toka zamani. Mtumaji anaandika jina, namba ya simu, na "Mokowe". Kifurushi kikifika unapigiwa, unampigia nahodha unayemjua, saa moja baadaye hamali anabisha hodi. Hakuna anayehitaji kujua jengo wala ghorofa. Mwaka huu nimeufuta mpango wa vifurushi kwenye mkataba, bei ikashuka hadi 1,200 kwa mwezi. Mizigo ya nje ya nchi bado naipokelea Mombasa, ila naifuata mwenyewe, au namwagiza shemegi yangu aliyeko Majengo.

Liko na jambo ambalo sikulifikiria kabisa nilipokuwa nasaini. Mwenye nyumba ya wageni kule Shela, mteja wangu mkubwa, alipopata ankara yangu ya kwanza yenye anwani mpya alinipigia: "Kumbe kofia hizi zatoka Mombasa?" Niliumwa. Kofia yangu inauzwa kwa jina la Lamu kabla haijauzwa kwa vito vyake. Nikabadilisha ankara usiku ule ule. Sasa zina mistari miwili: "Kazi: Langoni, Lamu", na chini yake "Barua:", na hapo inafuata anwani ya Mombasa. Kwenye ramani ya Google sikuiweka hiyo ya Mombasa kabisa. Sheria zao hazikubali sanduku la posta, wala ofisi ya kukodi isiyo na mtu wa biashara yako ndani.

Wala msidhani anwani ya mjini itawahamishia mambo mengine. Leseni ya biashara bado naikata Kaunti ya Lamu, kwa sababu kazi inafanyika Lamu. Na benki walikubali barua ziende Mombasa, lakini walitaka waone panaposhonwa. Afisa akaja mpaka nyumbani, tukampa kahawa chungu na halua, akapiga picha uwani na cherehani isiyofanya kazi, ambayo sijui aliipendea nini, maana kofia zetu zashonwa kwa mkono.

Wakati mwingine nikienda mjini napita mbele ya ile nyumba ya posta ya Wajerumani, ambayo sasa ni makumbusho. Waliifungua 1888 wakaifunga 1891. Huwa nacheka peke yangu. Mtu wa Berlin wakati huo aliweza kuandika "Lamu" juu ya bahasha ikafika, na mimi wa Langoni naandika Mombasa.

Anayetaka kuingia, kitu kimoja tu nitamwambia akiulize kabla ya kusaini: siku nikiacha, barua zangu mtaendelea kuzipokea kwa muda gani? Mkataba wangu unasema siku 60. Kule Marekani, binamu ananiambia, wakala analazimika kumpelekea mteja barua zake kwa miezi sita baada ya kuachana. Siku 60 ni chache mno. Ukishaiweka anwani kwenye cheti, kwa KRA, benki, na kwa wateja wa miaka mitatu, kuibadilisha ni kumfuata mmoja mmoja. Nimeanza daftari. Kila ninayempa anwani namwandika, ukurasa wa pili umeshajaa.

Ami naye amesikia. Jana alikuja kukaa barazani, akazunguka na maneno ya bei ya kamba na hali ya bahari, mwisho akaniuliza kama yule kijana wa Mombasa anaweza kupokea na barua zake. Ufunguo umeanguka majini huko Kiwayu, na ule wa boti pia.