Yule mtaalamu wa saikolojia aliyekuja kupima watoto shuleni: nyota mbili, au tatu, sijui

Jamani naandika hii bado nina hasira ingawa ni mambo ya muhula uliopita. Shule anayosoma mwanangu hapa Kigoma ilituita wazazi wa watoto "wanaosumbua kusoma" tutoe elfu hamsini kila mmoja, anakuja mtaalamu wa saikolojia ya elimu toka Dar. Nikatoa. Wangu yuko la tatu, b na d anazichanganya, ukimpa sentensi moja asome maharage yanaiva hajamaliza. Lakini huyohuyo ukimpeleka Kibirizi kwa bibi yake anayeuza dagaa, anahesabu sado na kurudisha chenji hakosei hata mia.

Siku ikafika. Dakika ishirini hazijaisha mlango ukafunguliwa, yule bwana kasimama pale faili kwapani, mwanangu pembeni yake, ananiambia mbele ya mtoto na mbele ya wazazi wengine waliojaa kwenye benchi, "Mama, huyu uwezo wake uko chini, usimlazimishe sana." Halafu akaita jina linalofuata. Basi! Hajaniuliza nyumbani anaongea lugha gani, hajaniuliza kama aliwahi kuumwa, na mwalimu wake wa darasa alikuwa amesimama dirishani palepale naye hakuulizwa kitu. Tukapanda bajaji mtoto kimya mpaka Mwanga ndo akaniuliza, mama, uwezo ni nini? Nikamnunulia hindi la kuchoma.

Usiku usingizi hakuna nikaingia kwenye simu kusoma. Kumbe hivi vipimo vya akili vilianzia Paris 1905, Mfaransa mmoja Alfred Binet na mwenzake Simon, na shida yao ilikuwa kujua mtoto gani anahitaji msaada zaidi darasani, na Binet mwenyewe aliwapinga waliosema akili ya mtoto ni kiasi kilekile siku zote haiongezeki. Tena kupima ni kipande tu cha kazi ya hawa wataalamu wa saikolojia ya elimu, wanatakiwa wamwone mtoto akiwa darasani, wakae na mwalimu, wakae na mzazi, ndo mpange pamoja. Huyu wetu maswali yote Kiingereza, eti kwa sababu shule ni ya Kiingereza, kwa mtoto ambaye kwa bibi ni Kiha na kwangu ni Kiswahili. Sasa hapo umepima akili au umepima Kiingereza?

Mpaka hapo ningempa sifuri na ningeishia hapo.

Ripoti ikaja baadaye, nikaitupa juu ya kabati chini ya dumu la mawese, hata kona imelowa mafuta. Siku moja mwalimu akanipigia, mama fulani umesoma ukurasa wa tatu? Nikaishusha. Imeandikwa kwamba mtoto akiulizwa anageuza sikio la kushoto kwa anayeongea, apimwe masikio kabla ya kitu kingine chochote. Na akae mbele, na asisimamishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, afundishwe sauti za herufi moja moja huku anazifuatisha kwa kidole.

Nikampeleka hospitali. Sikio la kulia nyuma ya ngoma kumejaa majimaji mazito, upande huo alikuwa anasikia kwa shida. Na mimi kila siku namfokea "we mtoto husikii?" Hasikii kweli!

Sasa amepata dawa, anasikia, mwalimu kamhamishia dawati la mbele na mambo ya herufi anayafanya vilevile kama ilivyoandikwa, anasoma kidogo kidogo. B na d bado, hilo nadhani sikio halihusiki.

Kwa hiyo nimpe ngapi huyu mtu? Jicho analo, sikatai, kaona kwa dakika ishirini kitu ambacho mimi mama mtu sikukiona miaka. Lakini ndo kinachonikera zaidi, neno la kuniumiza ulisema mlangoni kwa Kiswahili safi, la kunisaidia ukalificha ukurasa wa tatu kwa Kiingereza. Kama mwalimu asingepiga simu hiyo ripoti ingekuwa inafunikia sufuria saa hizi.

Nasikia mwakani anarudi. Nitalipa tena, ndiyo. Ila nimeshamwambia mwalimu mkuu, mwanangu anatoka kwanza anaenda kucheza uwanjani, halafu mimi naingia ndani nakaa, na mlango tunafunga.