Hilux dabo kebini au Premio: ya kutumia kila siku uchukue ipi?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo naongelea kitu ambacho mnaniuliza sana kwenye meseji, mtu ana Toyota Premio yake, ile gari ndogo ya saluni, au anatafuta gari ya kwanza, kapata hela kidogo, anaanza kuwaza aongezee achukue Hilux dabo kebini, ile pikapu ya Toyota yenye milango minne, gari ya kibabe, inapita popote, inabeba chochote na familia inakaa nyuma. Nawaelewa kabisa, mimi mwenyewe nazipenda Hilux. Ila leo hatushindanishi ipi ina nguvu, tunaangalia ipi utaishi nayo Jumatatu mpaka Jumapili, hapa Dar unatoka Goba au Kinyerezi au Bunju alfajiri bado giza, unakaa foleni, unatafuta pa kupaki mjini, jioni unapitia sokoni ndo urudi nyumbani. Hapo mambo yanabadilika sana.

Ninazolinganisha ni Hilux ya 2015 kuja juu, ile ya dizeli lita 2.4 au 2.8, na Premio ya 2007 kuja juu ya cc 1500 au 1800. Premio wameacha kuitengeneza tangu 2021 lakini mitaani zimejaa na spea zake zimejaa, kwaiyo hilo lisikutishe.

Tuanze na ukubwa maana watu hawaufikirii mpaka gari ifike getini. Hilux ina urefu wa kama mita 5.3 na upana wa karibu mita 1.85, Premio ni mita 4.6 na upana haufiki mita 1.7. Sentimita sabini ukiambiwa unaona ni kitu kidogo, sasa ipeleke Kariakoo mchana, au ile pakingi ya chini ya jengo iliyochorwa mistari kwa ajili ya gari ndogo, pua inabaki nje na mlinzi anakufukuza. Kugeuza nako, Premio inageuka kwenye duara la nusu kipenyo mita 5.3 hivi, Hilux inataka mita 6.4, maana yake kile kichochoro cha kwenu ambacho Premio inageuka mara moja, Hilux utakwenda mbele urudi nyuma mara mbili mara tatu na bodaboda wanakupigia honi. Kabla hujalipa hela ya mtu nenda kapime geti lako na ua wako kwa futikamba, wengi wanakuja kubomoa ukuta baadae.

Sasa jambo kubwa, na hapa naomba mnisikilize vizuri, ni hizi springi za nyuma.

Pikapu imejengwa juu ya chasisi ya ngazi, yaani fremu ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, nyuma ina ekseli moja nzima iliyokaa juu ya springi za kupangana, zile bapa. Zile springi zimetengenezwa zikijua kwamba kuna siku nyuma utaweka karibu tani nzima, yaani mifuko kama ishirini ya simenti ya kilo hamsini. Kwaiyo lazima ziwe ngumu. Siku umebeba mzigo wa kutosha gari inatulia vizuri mno, unaweza kusema sio ile ile. Lakini wewe unaenda ofisini, nyuma hamna kitu, kuna tairi la akiba chini na begi la laptop kwenye kiti, zile springi hazina cha kubonyea, kila tuta na kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka mgongoni, na wa kiti cha nyuma ndo wanaumia zaidi kwa sababu wamekaa karibu na ekseli na egemeo la kiti chao limesimama wima. Watoto wadogo hawalalamiki, wanaona raha. Mama mzazi unaempeleka kliniki na miguu inamuuma, huyo atakwambia, na bado hujamuongelea kupanda, amevaa kanga, ngazi iko juu, anatafuta pa kushika. Premio anafungua mlango anakaa.

Kuna kitu kingine cha nyuma kuwa tupu, nacho ni usalama. Uzito wa pikapu tupu uko mbele kwenye injini, tairi za kusukuma ziko nyuma ambako hakuna uzito. Mvua ile ya kwanza baada ya kiangazi, lami ina vumbi na mafuta, ukikanyaga mafuta kwenye kona nyuma inaweza kuchezacheza. Na gari ikiwa ndefu kwenda juu, kukwepa kitu ghafla sio sawa na kwenye gari ndogo. Mwaka 2016 jarida moja la Sweden linaitwa Teknikens Värld waliijaribu Hilux kwenye jaribio lao la kukwepa ghafla ikainua matairi ya upande mmoja juu, Toyota wakaja kufanya marekebisho. Sisemi gari ni mbaya, nasema usiendeshe Hilux kwa mwendo wa kona wa Premio. Na upepo wa tairi fuata ile stika ya kwenye fremu ya mlango, kuna kipimo cha gari tupu na cha gari yenye mzigo, vijana wa pale gereji ya tairi wengi wanajaza tu mpaka iwe ngumu kama jiwe, halafu unashangaa mbona inadunda.

Haya, mzigo. Maana hii ndo sababu kila mtu anaitaja. "Nataka pikapu kwa sababu najenga." Sawa, unajenga. Bodi la dabo kebini lina urefu wa kama mita moja na nusu. Bati la mita tatu halilali mle, linatokeza nusu nzima. Mbao za futi kumi na mbili hivyo hivyo. Mchanga na kokoto unaletewa na lori, nondo zinaletwa na duka, tofali zinakuja na Canter. Kilichobaki ni simenti mifuko michache, ndoo za rangi, mabomba ya mita moja moja. Kwa hiyo kazi kuna kirikuu, amepaki pale nje ya duka la hadwea anasubiri, unakubaliana nae bei, anabeba anakufikishia saiti na kijana wa kushusha yupo. Piga hesabu ya kirikuu unachokodi mwaka mzima halafu linganisha na ile tofauti ya bei kati ya Premio na Hilux, tofauti ile inakodi kirikuu miaka mingi sana.

Na vitu vya kwenye bodi la wazi haviko salama kama vya kwenye buti. Umenunua vitu vya sokoni, umesimama foleni taa nyekundu usiku, kuna watu wepesi wa mkono. Mvua inakuja, unga unalowa. Utanunua turubai, baadae utanunua kifuniko cha kufunga, baadae kenopi, ukishaweka kenopi umetengeneza buti la gari ndogo kwa gharama kubwa. Na tafadhali, msiba ukitokea msipakie watu nyuma kule, najua tunafanya, lakini breki moja ya ghafla watu wanamwagika barabarani.

Kuna gari ambayo watu wa mjini wanaidharau nayo ni Probox. Ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu ya kama mita 1.8, yaani ndefu kuliko bodi la Hilux dabo kebini, imefunikwa, inafungwa na ufunguo, na imejengwa kama gari ya kazi ya kubeba kilo mia nne hivi. Kule mikoani mnaijua kama mchomoko, wanaipakia watu na magunia na inaenda. Mtu wa duka dogo, wa keki, wa vifaa vya umeme, anaezunguka mjini na mzigo wa wastani, mimi namwambia Probox kabla sijamtajia pikapu.

Sasa tope. Hapa Hilux inastahili sifa zake zote, ina nafasi kubwa chini ya tumbo, na Premio imekaa chini, sentimita kumi na sita hivi, masika ikichachamaa barabara za ndani Madale kule au Kigamboni unaiacha kwa jirani unavua viatu. Kama kwako ni hivyo kila mvua, basi hiyo ni hoja ya kweli na ina uzito. Lakini sikilizeni, sio kila Hilux iliyonyanyuka ina gia ya kusukuma tairi zote nne. Thailand wanauza sana Hilux iliyonyanyuliwa inaitwa Prerunner, ukiiangalia ina kimo kile kile, matairi yale yale, ila inasukuma nyuma tu. Hiyo ikiwa tupu kwenye tope inaweza kukwama pale Premio imepita, maana Premio inavuta mbele na uzito wa injini uko juu ya tairi zinazovuta. Ingia ndani utafute kile kitufe cha kuzungusha kimeandikwa H4, au kile kistiki kidogo cha pili pembeni ya gia. Hakuna? Basi ujue unanunua nini na bei ishuke. Na hata ukiwa nayo, ile sio ya kuwasha kwenye lami kavu kila siku, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kwenda sawa wakati kwenye kona zinatakiwa zizunguke tofauti, unajikuta usukani mzito na vyuma vinalia chini. Tope, mchanga, mteremko wa utelezi, basi.

Wale wa kuinua Premio kwa kuweka spesa, vile vipande vya kunyanyulia, juu ya springi, inchi moja sina ugomvi nayo, ila mkizidisha zile jointi za shafti za mbele zinakaa kwenye pembe mbaya na zinakufa mapema.

Gharama za kila mwezi nitapita haraka. Tuchukulie kilomita elfu moja kwa mwezi, foleni za Dar, Premio cc 1500 ikupe kilomita 12 kwa lita, Hilux ikupe 9. Hiyo ni lita 83 kwa 111. Rodi laisensi ilifutwa 2017 ikahamia kwenye mafuta, kwaiyo anaechoma lita nyingi ndo anaelipa zaidi. Oili ya injini Hilux inameza lita 7 na nusu, Premio inazunguka kwenye nne. Tairi za Hilux ni 265 za rimu 17 au 18, Premio ni 195 rimu 15, ulizieni bei ya nne nne mtaona wenyewe. Kwenye dizeli hizi za kisasa nozeli zake, zile za kupulizia mafuta kwenye injini, ni za usahihi mkubwa, dizeli chafu au yenye maji inaziua na kuzibadilisha zote nne ni hela ya kukaa chini kufikiri, weka mafuta kwenye vituo unavyoviamini na filta badilisha kwa wakati. Premio nayo ina lake, giaboksi ni ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka oili yake maalumu, fundi akikwambia "hii ATF (oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida) ni ile ile tu" chukua ufunguo wako uondoke.

Na kwa nini Hilux yuzdi ni bei mbaya hivi? Japani kwenyewe Toyota waliacha kuiuza 2004 wakairudisha 2017, kwaiyo kule minadani ambako Premio zimepangana kwa maelfu, Hilux za kisasa ni chache, nyingi zinatokea Thailand, Afrika Kusini, Uingereza. Faida yake ni kwamba ukija kuuza inashika bei, hilo ni kweli kabisa, pikapu ya Toyota haikosi mteja.

Kwaiyo nani achukue Hilux bila kusitasita? Mwenye shamba Kilosa au Handeni na anakwenda kila wiki, anapeleka mbolea anarudi na magunia. Fundi mkubwa mwenye mashine na genereta. Mfugaji wa kuku anaepokea chakula kila baada ya siku chache. Mtu ambae barabara ya kwake haina msaada. Huyo Premio ataiua ndani ya mwaka, na simshauri hata kidogo, tena achukue ile ya kawaida ya kazi, aachane na ya viti vya ngozi na rimu kubwa. Wengine wote mnaoenda ofisini na kupeleka watoto shule, Premio, na hela inayobaki mwekeze kwenye tairi nzuri na bima kubwa.

Ukishaamua pikapu na unaenda kuiangalia, usianzie ndani kwenye redio. Lala chini. Angalia chasisi chini ya bodi kama kuna sehemu imechomelewa au imepakwa rangi mpya peke yake, hesabu springi za kushoto na kulia, ukikuta bapa zimeongezwa ujue ilikuwa inabeba kuliko uwezo wake na giaboksi na breki zimeteseka pia. Angalia sakafu ya bodi, mikwaruzo inasema ukweli kuliko kilomita za dashibodi. Halafu mwombe muuzaji muende nayo tupu barabara ya vumbi, yeye akae mbele na wewe uendeshe, na mkeo au mumeo akae kile kiti cha nyuma, dakika ishirini tu, mkirudi muulize yeye kwanza.