Waliniambia bila intaneti

Nyota moja kwa programu hii ya masomo. Ingewezekana kutoiweka hata hiyo, nisingeiweka.

Nafundisha Baiolojia sekondari moja huku Newala. Kila mwaka Kidato cha Pili tunakwama palepale: moyo. Kwenye mchoro wa kitabu, upande wa kulia wa moyo unakaa kushoto kwa karatasi. Nawaeleza kwamba ukuta wa kushoto ni mnene kwa sababu unasukuma damu mwili mzima, wa kulia unaipeleka mapafuni tu. Wanaitikia "ndiyo madam", halafu kwenye mtihani wanageuza. Kwa hiyo nilipoona tangazo la programu ya masomo yenye moyo unaodunda na kuzunguka, "pakua mara moja, fundisha popote bila intaneti", nikalipia muhula mzima, 25,000 za mfukoni mwangu. Vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinafaa kuandalia somo, ila kioo kile utawaonyeshaje watoto 68?

Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, na wakati huo mahudhurio huyumba. Siku hiyo walikuja wote, maana niliwaahidi watauona moyo ukidunda. Projekta niliazima, laptopu ni ya mwalimu mwenzangu. Wasichana walileta khanga tukaziba madirisha. Na umeme ulikuwepo! Anayeishi huku anajua nilivyoshukuru. Giza limekaa vizuri, darasa kimya, nikabonyeza.

"Thibitisha akaunti yako. Unganisha intaneti."

Nikawasha data kwenye simu. Shule yetu iko ukingoni kabisa, bonde la Ruvuma liko chini yetu, na simu ikilegea kidogo inanasa mtandao wa Msumbiji. Nikatoka na laptopu mpaka chini ya mkorosho, nikarudi, nikatoka tena. Vipindi viwili ni dakika 80, na nusu ilishakwenda. Ndipo nikawapigia huduma kwa wateja, nimesimama mlangoni, watoto wananisikia.

Nilimsalimia yule kijana vizuri, nikamweleza shida. Akanijibu, "Mama, soma maelekezo. Kila baada ya siku saba lazima uunganishe." Nikamuuliza hayo yameandikwa wapi. "Mama, kama huko kwenu hakuna mtandao, basi hii siyo ya kwenu." Akakata simu.

Huko kwenu! Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Huku kwetu Mtwara ndiko inakotoka gesi ya Mnazi Bay, na huenda hata taa ya ofisi aliyokaa inawashwa na gesi hiyo. Mimi sikuomba msaada, nililipa. Wala mtandao sikuudai. Wao wenyewe ndio walioandika kwa herufi kubwa kwamba hauhitajiki.

Niliporudi ndani, kijana mmoja wa nyuma akasema kwa upole, "Madam, basi tuchoree tu ubaoni." Walikuwa wananibembeleza mimi. Tukafungua khanga, nikachora moyo uleule wa kila mwaka, mkono unatetemeka.

Sasa, haki ya mtu mpe. Wiki iliyofuata niliifungua programu usiku uliotangulia, nilipo na mtandao, na asubuhi ikakubali. Jamani, ule moyo! Ulipoanza kuzunguka taratibu, vali zikifunguka na kufunga, hakuna aliyepiga chafya. Binti mmoja ambaye hajawahi kunyoosha mkono alisimama, akaweka kiganja kifuani, akageuka kutupa mgongo, kisha akatugeukia tena. "Kumbe kwenye kitabu ni mtu anatutazama! Kulia kwake ndiyo kushoto kwetu." Miaka yote nimefundisha, sijapata kuliona jambo hilo likieleweka vile, darasa zima kwa pamoja. Kwenye zoezi waliokosea walikuwa watano tu.

Kwa hiyo nyota moja nimeiandika kwa hasira, na somo lenyewe linastahili nne. Nikisema mwalimu mwenzangu asinunue nitakuwa namdhulumu mwanafunzi wake. Lakini nikikumbuka ile simu, siwezi kubonyeza hizo nne. Naacha mbili. Ukiinunua, ifungue usiku wa kuamkia kipindi, hata kama uliifungua juzi, na usitegemee kupiga simu.

Nanyi wenye programu, hizo siku saba ziandikeni palepale kwenye tangazo, kwa herufi kubwa zilezile za "bila intaneti". Na yule kijana anajua namba yangu, hajanipigia mpaka leo.